Chai Ambayo Mumewe Haruhusiwi Kuionja

Masufuria matatu yanatokota mbele ya kibanda cha Tsai Hsiu-chin. Mumewe, Kuo Chin-shui, ameinamia lile la kati, macho ameyafumba, ananusa.

"Bado haijakolea," anasema.

"Toa pua humo, mzee!"

"Kunusa nako kumekatazwa? Basi nizibe pua kabisa, nife upumzike."

Wateja wanaangua kicheko. Katika kichochoro hiki cha wauza majani ya dawa, mtaa wa Wanhua, jijini Taipei, wengine huja kwa ajili ya ugomvi huu zaidi kuliko chai.

Na chai yenyewe ni chungu kwelikweli. Hsiu-chin, mwenye miaka sitini na mitatu, alirithi mchanganyiko wa majani hayo kwa mama mkwe wake. Kikombe ni dola thelathini za Taiwan, na watu huikimbilia mafua yanapobisha hodi.

"Maabara wanayo maneno yao," anasema. "Mimi najua inauamsha mwili upigane."

Huko kupigana ndiko kunakomtisha.

Miaka minne iliyopita figo za Chin-shui zilikufa, naye mkewe akampa moja ya figo zake. Tangu hapo mzee humeza kila siku dawa za kutuliza kinga ya mwili, kwani kinga ikichangamka, itaiona figo ile kuwa mgeni na kuishambulia. Daktari alipiga marufuku dawa zote za majani. Wote wawili wakaitikia kwa heshima.

"Nilidhani anasema dawa," Chin-shui anajitetea. "Chai hii nimekuzwa nayo. Kwangu ni chakula."

Basi mkewe akienda sokoni, yeye alikuwa akijimiminia. Alipopata mafua akaongeza kikombe cha pili. Haukupita muda miguu ikavimba, na hospitalini wakakuta mwili umeanza kuikataa figo. Madaktari hawakuweza kuapa kwamba ni chai, lakini ndiyo waliyoitaja kwanza.

"Nililia kwa hasira," anasema Hsiu-chin. "Nimepasuliwa tumbo kwa ajili yake, halafu chai yangu mwenyewe inaifukuza figo yangu!"

Figo iliokolewa, ila kibanda kilibaki kimefungwa. Aliona aibu kuuza. Alipofungua tena, alikuja na masharti: hakuna kikombe kabla ya maswali. Umewekewa kiungo cha mtu mwingine? Unameza dawa za kutuliza kinga?

Nikiwa hapo, kijana mmoja aliyevaa fulana ya kazi anachoka kuhojiwa.

"Bibi, nimekuja na hela, sikuja na faili la hospitali!"

"Hela yako nitaila ukiwa hai, mwanangu. Jibu."

Kumbe anameza dawa hizo kwa sababu kinga yake inaushambulia mwili wake mwenyewe. Hsiu-chin anamimina maji ya shayiri iliyokaangwa, anamsukumia bila kudai chochote. Kijana anakunywa, kisha anaomba kikombe kingine.

Sasa Hsiu-chin anawashawishi majirani nao waulize. Vibanda vitatu vimekubali. Wengine wanamnunia kwamba anawafukuzia wateja, naye hajali, kesho atawarudia tena.

Vipimo vya mzee mwezi huu ni vizuri. Ninamuuliza mama huyu huwa anaomba nini hekaluni.

Anamtazama mumewe, anayejifanya hasikii.

"Siombi mali. Naomba figo yangu izeekee humo."