Ubao wa Kubebwa na Wawili

Ndugu zangu wa ukurasa huu, nimewasoma kimya kwa muda mrefu, leo zamu yangu. Admin, jina langu lifiche. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mjane, mzaliwa wa Malindi, ila niliolewa Kilifi na ndiko niliko hadi leo. Mwanangu ni mmoja tu, yuko Doha na mkewe. Tatizo langu mtaliona dogo, hata mimi nalicheka, lakini limeninyima raha wiki nzima.

Mume wangu alipofariki nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Watu hudhani huo ndio wakati mgumu, mjane yuko ndani hatoki. Kwangu haukuwa. Nyumba ilijaa mashoga, mawifi na mashangazi, huyu kaleta mahamri, yule kalala nami chumbani nisiogope. Siku niliyotoka eda nilioga, nikavaa nguo mpya, wakanipongeza, wakaenda zao. Kesho yake nilipika wali wa watu sita kwa mazoea, nikaula siku tatu. Siwalaumu, kila mtu ana kwake. Lakini upweke wangu ulianzia hapo.

Aliyebaki ni jirani yangu, mama wa Kihindi, mwalimu mstaafu, nitamwita Bi Hansa. Nyumba yake inatazama hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na asubuhi maji ya pale hutulia kabisa. Wanawe walipohamia Nairobi walimwachia mbao mbili, zile za kusimama juu yake majini ukipiga kafi. Mmoja ni wa kujaza upepo kwa pampu, wa pili ni mgumu, mrefu kupita kitanda. Daktari alimtaka afanye mazoezi kwa ajili ya magoti, naye hakutaka kuingia majini peke yake, akanivuta mimi. Mtoto wa Malindi mzima, na sijawahi kuvuka maji ya kiunoni! Nikavaa suruali ndani ya dera na jaketi la kuelea juu yake, nikaanguka na kuanguka mpaka nikazoea. Yeye alipanda wa upepo, mimi mgumu, maana mgumu umetulia chini ya miguu na unakwenda moja kwa moja, haupepesuki.

Shida ya mgumu ni uzito, na ni mpana, kwapa haliushiki. Tuliubeba wawili, yeye mbele mimi nyuma, tukishuka ngazi za mawe kutoka kwake hadi majini tukizungumza nani kaposwa, nani kaota nini, leo kila mtu anapika nini. Kusema kweli, yale mazungumzo ya kwenye ngazi niliyapenda kuliko maji yenyewe.

Sasa Bi Hansa anahama. Mwanawe amemshinda kwa maneno, mwisho wa mwezi anakwenda kukaa naye Nairobi. Kaniambia nichague ubao mmoja, wa pili atamwachia atakayehamia nyumba yake. Nikamuuliza yeye angechukua upi.

"Chukua wa upepo, dada," akasema. "Unakunjwa, unaingia kwenye begi, unakaa juu ya kabati. Utaweza mwenyewe, hutamsumbua mtu."

Alisema kwa mapenzi. Nilirudi kwangu nikalia.

Jumatatu, yeye akiwa ametoka kuwaaga watu, nikajitia kiburi. Nikaushusha mgumu peke yangu, nikiuburuza juu ya taulo. Kushuka niliweza. Wakati wa kupanda ngazi kurudi upepo ukaingia, ukaupiga ubao, mimi nikaangukia kiuno. Maji yanajaa, na nikiuachia unachukuliwa. Nikatoa simu. Bi Hansa hapokei. Nikapitia majina, na majina ninayo mengi. Wote wale nikifiwa watafika kabla sijamaliza kueleza. Lakini mtu wa kumwambia njoo unishikie ubao, sikumwona. Nilikaa pale na simu mkononi, maji yananifika vifundoni, nikajionea huruma.

Mwisho nikampigia wifi yangu, dada wa marehemu, anakaa mtaa wa pili. Nilimwambia tu njoo kwa Bi Hansa, nikaona aibu kueleza, nikakata. Akafika mbio kwa bodaboda, buibui limekaa upande, macho mekundu.

"Nani kafa?" Ndilo neno lake la kwanza. Tangu eda iishe, mimi na yeye tunapigiana kwa misiba tu.

Nikamwonyesha ubao. Akanitazama, akautazama, akashika upande wa mbele. Tukapanda kimya. Juu akajikung'uta mchanga, akaniambia, "Siku nyingine niambie mapema ni jambo gani. Moyo wangu si wa kuchezewa." Akaondoka, hata maji hakunywa.

Nikajua nimeharibu. Lakini jana kaniandikia ujumbe: "Ule ubao uko wapi sasa?" Basi, hakuna kingine. Nimeusoma sijui mara ngapi na sijajibu. Labda ananicheka. Labda anataka kujua kama nitamsumbua tena. Au labda na yeye, mumewe yuko Saudia miaka yote hii, nyumba inampwaya.

Bi Hansa anataka jibu Ijumaa. Nikichukua wa upepo, nitaujaza mwenyewe, nitaukunja mwenyewe, na hakuna atakayejua kama niliingia majini wala kama nilitoka. Nikichukua mgumu, lazima kila asubuhi nimwombe mtu, na mtu niliye naye ni wifi peke yake. Akikataa, ubao utakaa uani ukipigwa na jua, nami nitauangalia kila nikianika nguo.

Mlioishi peke yenu ndio nawauliza, wengine nihurumieni tu. Nichukue ule ninaouweza, au ule nisiouweza?