Mkono Ndani ya Gunia

Nilirudi kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa juu ya Moshi mjini, kumalizia tasnifu. Sasa zilikuwa zimebaki siku tatu niiwasilishe, na bila hiyo, ile nafasi ya kufundisha chuoni ningeisikia kwa jirani.

Tasnifu ilihusu jambo hili: elektroni zikipita kwenye kipande chembamba cha fuwele hutawanyika na kuacha nukta kwenye picha. Picha yenyewe ni bapa, haisemi kitu kiko kina gani. Nilikuwa nimefunza mtandao wa neva kwenye kompyuta usome nukta hizo, utaje tabaka la atomi ngeni zilizopachikwa ndani ya fuwele liko kina gani. Kwenye majaribio ulipatia kila mara, nami kichwa kikavimba.

Asubuhi ile baba alikuwa akikagua kahawa niliyoianika na kuifunga mimi. Alizamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje ya chini, akaing'ata.

"Hii bado mbichi."

"Juu nimeigusa, imekauka," nilijibu kwa ukali. Nikaongeza kwamba siku hizi kuna mashine inayoona ndani bila mtu kuchafua mkono, na mimi ndiye niliyeifundisha.

Baba hakukasirika. "Umejuaje kwamba inaona kweli?"

"Nimeipima kwa picha."

"Picha za nani?"

Zilikuwa zangu. Programu iliyotengeneza picha za kufundishia ndiyo iliyotengeneza za mtihani; hakuna hata moja iliyotoka kwenye fuwele halisi. Nilijitungia mtihani, nikajisahihishia, nikajipongeza.

Nilimwandikia mwenzangu wa maabara ya ng'ambo, nikamwomba anitumie picha ya fuwele moja halisi, kisha aikate na kuitazama kutoka ubavuni. Kesho yake akajibu: tabaka lilikuwa karibu na uso wa chini. Mtandao wangu, nilipoupa picha yake, ulisema liko juu, tena bila kusita. Niliona aibu, na niliumia. Nikamwandikia msimamizi wangu kwamba siwasilishi. Nafasi ile alipewa mwingine.

Jioni nilichuma jani la isale, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha, nikampelekea baba kwa mikono miwili.

"Nilikujibu vibaya, baba."

Alilipokea, isale haikataliwi. Kisha akavuta gunia la pili, akalifungua, akanisogezea. Nikakunja shati, nikazamisha mkono kwenye kahawa mpaka vidole vikagusa kitako cha gunia.