Sabuni Nyekundu ya Magari

Nilikulia kijiji cha Sola, nikibeba mizigo ya pamba kichwani bila kutua njiani. Nasema hivi ili mjue kifua changu kilikuwa kizima.

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi na pikapu zao, niliajiriwa kuosha magari. Sabuni ilikuja katika madumu, nyeupe kama maji, haina harufu. Tajiri wetu aliitia rangi nyekundu na manukato makali, kwa sababu wateja hawakuiamini ikiwa tupu. Waliingiza kichwa garini, wakanusa, ndipo wakashukuru. Kwa hiyo tulisugua ndani vioo vikiwa vimefungwa, harufu isipotee. Gari la tajiri mwenyewe tuliliosha kwa sabuni ya mche. Sikuuliza kwa nini.

Msimu wa pili mikono ilianza kuwasha. Vidole vikapasuka, vikatoa maji ya njano. Kisha kifua kikabana. Nikivuta pumzi kinapiga filimbi. Nikakonda. Wenzangu wakatenga kikombe changu cha chai, wakasema nimekanyaga miwaya, yaani nina ukimwi. Mmoja alinisalimu kila asubuhi, "Vipi, marehemu?"

Tajiri akanirudisha nyumbani. Kwa hisani yake akanipa dumu la ile sabuni nyekundu.

Mama alilifurahia. Ndugu walikuwa wakija kunitazama, naye aliona aibu nyumba inuke ugonjwa. Akanifulia mashuka kwa sabuni ile, akanisugua nayo mgongo, akafunga dirisha. Kila aliponisafisha nilizidiwa. Baba mdogo alikwenda uani kuwauliza ndugu bei ya mbao za jeneza. Nilimsikia.

Siku midomo yangu ilipogeuka rangi, walinipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi hospitali. Daktari, mwanamke kijana, aliinamia shuka langu akanusa.

"Mama, hili unafulia nini?"

"Sabuni ya magari, binti yangu. Inanukia vizuri."

"Ndiyo inayomuua. Manukato yanambana kifua, rangi inamla ngozi."

Damu walipima pia; ukimwi haukuwepo. Mama aliketi sakafuni, akawa ananusa viganja vyake.

Nilipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo na mafuta ya kupaka. Baada ya wiki nilitembea hadi chooni peke yangu. Ngozi ilifunga polepole. Kifua hakijarudi chote.

Nilikwenda kumweleza tajiri, ili wenzangu wasipatwe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana kwangu haiingii."

Nyuma yake kijana mgeni alikuwa ndani ya pikapu, vioo vimefungwa, anasugua.

Wewe unayekohoa kazini, usingoje wakuite marehemu. Chunguza unachokishika kila siku, na unachopewa bure. Namshukuru Mungu, na daktari yule. Mama namshukuru pia, lakini hataki kusikia. Tangu siku ile ya hospitali hajagusa nguo zangu.