Mwizi wa Perege wa Kengeja

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa na homa wala sikuwa nimetafuna kitu cha kulevya. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua utakachouliza. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize.

Ilikuwa Kengeja, miaka michache kabla ya vita vya Hitla. Serikali ilikuwa ikipigana na mbu, na mimi nikaajiriwa kufuga samaki. Naam, samaki! Perege, walioletwa kutoka Unguja ndani ya madebe, na Pemba nzima hapakuwa na mwengine aliyekuwa nao. Kazi yangu ilikuwa kuwazalisha katika mabirika matatu ya saruji, niwalee vifaranga mpaka wafike urefu wa kidole, kisha Bwana Afya aje awachukue akawatie visimani na katika mabirika ya misikiti, wakale viluwiluwi vya mbu. Birika la kwanza lilikuwa la wazazi, la pili la vichanga, la tatu la waliokaribia kuondoka. Ukiwachanganya, wakubwa huwala wadogo.

Umewahi kumwona perege anavyolea? Mama huatamia mayai mdomoni. Wakishaanguliwa, akiona hatari hufungua kinywa, na wanawe wote huingia humo mbio. Siku nyingi hali kitu, mashavu yamemvimba, yuko kimya tu majini. Nilikuwa nikikaa ukingoni kumtazama mpaka chai yangu inapoa.

Msaidizi wangu alikuwa Kombo, kaka wa mke wangu Mize, mtu mzima mwenye watoto wanne. Kila adhuhuri mimi hurudi nyumbani kula, yeye hubaki zamu. Lango la ukuta wa ua lilikuwa na kufuli moja na funguo mbili, wangu na wake.

Basi vichanga wakaanza kupungua. Asubuhi nawaacha maji yamekuwa meusi kwa wingi wao, nikirudi mchana naona saruji ya chini. Nikafunika birika kwa wavu, nikidhani ni ndege. Wakapungua. Nikatafuta vyura, nikatafuta nyoka, nikamwaga majivu ukingoni nione nyayo. Hakuna nyayo. Sasa niambie wewe: mwizi anayekuja mchana, asiyevunja kufuli, ungemshuku nani?

Mimi ni mtu wa shaka, sifichi. Hata chumvi nikinunua dukani huionja kabla sijatoka. Nikamuuliza Kombo, "Adhuhuri unakuwa wapi?"

"Nafunga lango, nakwenda msikitini kusali, shemeji. Nikesha toa salamu narudi."

Maneno mepesi kama hayo, na mimi nikayaona mazito. Nikaona ameyapanga. Nikaona hata jicho lake limegeuka.

Unaijua Halbadiri? Ni kisomo cha kumwapiza mwizi. Hutajwa watu wa Badri, ubani ukifuka, na aliyeiba hupatwa na balaa. Lakini ina adabu zake. Kwanza unatangaza siku kadhaa, ili mwizi apate nafasi ya kurudisha. Na mtu humtaji jina, kwa sababu humjui, Mungu ndiye anayemjua. Mimi sikutangaza. Nilikwenda kwa Mwalimu Faki, anayesomesha chuo cha Kurani, nikamnong'oneza jina la Kombo.

Mwalimu akauweka msahafu chini. "Una hakika nae, mwanangu?"

"Ninayo."

Haikuwa hakika, ilikuwa hasira. Mwalimu alisitasita, nami nikambembeleza na kumbembeleza mpaka akasoma.

Siku ya nne Kombo akalala kwa homa. Meno yanagongana, macho ya manjano, hajui yuko wapi. Mize alikuwa akilia na kumkanda kaka yake kwa kitambaa cha maji, na mimi nimesimama mlangoni najisemea moyoni, "Umeona?" Naona haya kulisema, lakini ndivyo nilivyosema.

Lakini vichanga hawakuacha kupungua. Kombo hawezi hata kugeuka kitandani, na birika linazidi kuwa jeupe! Nikaamua adhuhuri ile siendi kula. Nikajifungia ndani ya ua, nikakaa nyuma ya pipa la pumba za kuwalishia samaki, nikatulia.

Jua lilikuwa la utosi, wakati ambao wazee hawapendi watu waende visimani. Msikitini wakaadhini. Nilipiga chafya, nikafuta pua, nilipoinua uso mwanamke amesimama penye birika la pili.

Usinambie habari za kwato. Nilitazama miguu kwanza, na ilikuwa miguu ya mtu, ina hina. Amevaa kaniki, imerowa kuanzia kiunoni kwenda chini. Mashavu yamemvimba. Akauondoa wavu taratibu, akainama, akaweka uso juu ya maji, akafungua mdomo.

Na wale vichanga wakaenda. Wallahi wakaenda! Kutoka kila pembe, bila kuvutwa, wakaingia kinywani mwake vile vile wanavyokimbilia kwa mama yao. Nikaanza Ayatul Kursi, ambayo naijua tangu utotoni, ikanipotea katikati.

"Nani wewe?" nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Unawapeleka wapi?"

Akainuka. Maji yalikuwa yakimchuruzika kidevuni. Hakujibu, angejibuje na kinywa kimejaa? Alinitazama kama mtu aliyeacha chungu jikoni na wewe unamweka kwa mazungumzo. Akaonesha kwa mkono upande wa mashamba ya muhogo, kisha akapita nyuma ya birika la tatu. Sikumwona akiruka ukuta. Nilipokwenda kutazama, hayupo, na lango lina kufuli lake.

Nilifungua nikatoka. Kwenye vumbi palikuwa na matone ya maji, moja hapa, moja pale, nikayafuata mpaka kiambo kilichohamwa zamani, ambako hata mimi nilikuwa sijafika. Kuna kisima huko, kimezungukwa na magugu, hakina kamba wala ndoo. Nikachungulia. Walikuwa wangu, perege, wamejaa humo, na wengine walishakua kuliko nilio nao mimi.

Kiambo hicho kilimalizwa na homa. Bikizee mmoja alinieleza baadaye kuwa wa mwisho kufa alikuwa mama aliyewazika wanawe wote, mmoja baada ya mmoja. Mimi sisemi kuwa ndiye, wala sisemi siye.

Nilikimbia kwa Mwalimu Faki. Akaniambia kisomo kitafutwa, lakini kwanza niende kwa niliyemtaja, nimweleze kwa kinywa changu, na yeye aniridhie.

Nilimkuta Kombo ameanza kupata fahamu, dada yake anamnywesha uji. Nikasema yote: mwanamke, kisima, halafu Halbadiri. Mize akaweka bakuli chini. Kombo akajiinua kidogo kitandani.

"Huyo mwanamke mie nakusadiki," akasema. "Huna shahidi hata mmoja, na nakusadiki. Mie nlikwambia nko msikitini, na msikiti umejaa watu. Weye hata kwenda kuuliza hukwenda."

Aliniridhia, mbele ya Mwalimu, na kisomo kikafutwa. Akapona. Kazini hakurudi. Mwanamke sikumwona tena, ingawa vichanga waliendelea kupungua na mimi sikuuliza neno. Kombo huja kwangu kila Idi kumwona dada yake, lakini hula barazani, ndani haingii. Zamani akiniita shemeji. Siku hizi ananiita Bwana, kwa heshima zote, na Mize akilisikia neno hilo hugeuza uso.

Kwa hiyo wewe, ukiibiwa, usije ukamnong'oneza mtu jina la nduguyo. Nenda kwanza msikitini, ukaulize.