Waya wa Nne wa Papa Éliézer

"Hii haiwezi jazz, Mama Joëlle. Nilikuambia mwaka jana, ninakuambia leo. Hii njo ubao. Ubao kazi yake ni kupasulia samaki."

Christiane hakuinua hata macho. Alikuwa kibarazani na lungo mapajani, anachambua ndagala, mchanga chini, samaki juu. Alimjibu mumewe kwamba ubao wa kupasulia samaki anao, uko jikoni, na tangu uingie nyumbani haujamlalamikia mtu. Huu mwingine, gitaa ya rangi ya siagi, aliutolea magunia mawili ya ndagala za Moba, na mpaka leo haujamzalia kitu ila kelele. Halafu akamnyooshea simu. Binti yao Joëlle, aliyeolewa Uvira, alikuwa ametuma video, na Christiane alitaka Éliézer aiangalie kabla hajafungua mdomo tena.

Éliézer akasema ataiangalia baadaye. Alikuwa hajamaliza kulalamika.

Mtu huyu alikuwa fundi wa mota za boti pale ufukweni Kalemie, mikono mizuri na mdomo mubaya. Mota iliyozimika katikati ya ziwa, ikafika kwake imevutwa kwa kamba, jioni ilikuwa inakohoa na asubuhi inaondoka na abiria. Watu walimpenda kwa hilo na wakamvumilia kwa mengine. Mengine yenyewe yalikuwa jambo moja tu, gitaa.

Alizaliwa kwa Wabembe upande wa Baraka, baba yake mvuvi wa kanisa la Waprotesta, wakashuka Kalemie wakifuata samaki na usingizi wa amani. Kwenye kwaya alijifunza gitaa kama watoto wote wa kwaya, kwa kuangalia vidole vya wakubwa na kupokea kofi akikosea. Kitu cha kwanza walichomfundisha, kabla hajajua sauti hata moja, kilikuwa namna ya kuivalisha gitaa nyaya. Ile ya sèche, isiyotumia umeme, unaiachia waya wa nne mnene. Ya umeme hapana. Waya wa nne unautoa, mahali pake unaweka mwembamba kama ule wa kwanza, unaukaza mpaka unalia juu. Wenyewe wanaita mi-composé. Hiyo njo inafanya gitaa yetu ilie kama mvua juu ya bati, na kina mama waliokaa kwenye benchi wasimame bila kuambiwa. Kwa Éliézer haikuwa namna mojawapo ya kuvalisha gitaa ya umeme. Ilikuwa gitaa ya umeme yenyewe. Ungemwuliza sababu angekuangalia kama umemwuliza kwa nini mbuzi ana mkia mmoja.

Aliyemletea jazz alikuwa rafiki yake Grégoire, Mutabwa wa Mpala, Mukatoliki, aliyepuliza tarumbeta tangu fanfare, bendi ya matarumbeta ya misioni. Padri mmoja mzee alimwachia Grégoire kaseti. Ndani mlikuwa na tarumbeta na gitaa peke yao, polepole, kama wazee wawili wanaozungumza na kila mmoja anamwacha mwenzake amalize. Juu ya karatasi ya kaseti kulikuwa na picha ya mpiga gitaa, na gitaa yake ilikuwa kubwa, ina tumbo, ina matundu mawili marefu kama fidla. Waliisikiliza mpaka utepe ukaanza kulia kama paka. Éliézer akaamua mambo mawili kwa mkupuo: kwamba na yeye atapiga vile, na kwamba vile hupigwa na gitaa yenye tumbo basi.

Kisha orkesta ya Grégoire ikavunjika, kila mwanamuziki akidai yeye njo prezida, na vyombo vikabaki kwa Grégoire. Christiane akasikia kuna gitaa ya umeme inauzwa. Hakuuliza ina tumbo au haina. Alipeleka magunia yake mawili, akarudi na gitaa kichwani kama beseni la muhogo. Ilikuwa bapa, nzito, pembe moja upande mmoja, sumaku mbili chini ya nyaya, na tayari imevalishwa mi-composé kama inavyotakiwa. Siku ya kuikabidhi Grégoire alisema mbele ya wote wawili, kwa heshima ya mtu aliyeuza kitu, kwamba waya wake wa nne, ule mnene wa asili, uko kwake, ni mali yao, na ataleta.

Hakuleta, na ikawa mchezo wao. Mwaka mpya, matangani, kwenye ubatizo, hata bandarini katikati ya wabeba mizigo, Éliézer alikuwa anaita, "Papa Grégoire, waya wangu." Na Grégoire anajibu uko njiani, umefika Moba. Mara nyingine umekamatwa na watu wa duani, wanadai ushuru. Mara nyingine umeoa, umepata familia, hauwezi kusafiri hovyo. Watu walicheka. Éliézer mwenyewe alicheka, maana hakuwa na haja nao. Waya mnene kwenye gitaa ya umeme angeufanyia nini, afungie mlango wa kuku?

Jazz aliijaribu, wasiseme hakujaribu. Alizungusha vifungo vyote. Alihamishia sauti kwenye sumaku ya karibu na shingo, akapunguza ukali, akapiga kwa kidole gumba ili iwe laini. Nyaya za chini zilikuwa sawa, za juu sawa, lakini katikati ya kila akodi, pale nyaya zinapolia pamoja, kulikuwa na kitu kinaruka kama mbuzi amepanda meza. Akailaza gitaa kitandani akatoa hukumu kwamba ni ubao, na ubao hauna tumbo la kushikilia sauti. Christiane, aliyekuwa bado ananuka zile ndagala mikononi, alisikiliza hukumu hiyo mpaka mwisho. Baadaye alisema vingi.

Mambo yangeishia hapo kama isingekuwa Mama Fortunée. Huyu alikuwa na hoteli kando ya ziwa, yenye baraza linaloangalia maji, na wageni wake wa mashirika walikuwa wamechoka na ndombolo inayowazuia kusikia wanachoongea. Akamwomba Grégoire atafute mwenzake, wawe wanapiga kitu cha taratibu kila Jumamosi. Grégoire alikwenda karakana ya Éliézer amevaa koti la Jumapili katikati ya mafuta machafu. Alisema hii njo ile kaseti, imekuja yenyewe inawatafuta.

Éliézer akasema atafutiwe kwanza gitaa ya tumbo.

Grégoire alimwambia ubao unatosha, wale wageni hawatasikia tofauti. "Mimi ninasikia," Éliézer akajibu, na akarudi kwenye mota yake. Alijiona amesema neno kubwa. Grégoire alisimama pale kidogo, anachunga koti lisiguse kitu, kisha akaondoka.

Mama Fortunée alingoja, akachoka, akamchukua kijana mwenye kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Grégoire hakuchoka upesi hivyo. Alirudi mwaka uliofuata, na mwingine tena, akiomba wapige hata nyumbani, hata bila wageni, na kila mara jibu lilikuwa tumbo, tumbo, kama vile wanatafuta mwanamke mjamzito. Halafu ziwa likapanda. Lilimeza barabara, likameza baraza la Mama Fortunée na viti vyake, leo watoto wanavua samaki pale meza zilipokuwa. Na kifua cha Grégoire kikaanza kubana. Alipulizia wafu kwenye fanfare ya parokia mpaka siku alipopanda makaburini na pumzi haikubaki hata ya wimbo mmoja. Akaifunga tarumbeta kwenye sanduku lake.

Hiyo yote ilikuwa imepita siku Christiane alipomnyooshea mumewe simu kibarazani. Alipoona hasogei, aliiweka juu ya goti lake mwenyewe akaifungulia sauti.

Kwenye kioo alikuwepo mzee mnene ndani ya sweta, amekaa kwenye chumba chenye vitabu, ameshika ubao. Rangi ya siagi, pembe moja upande mmoja, sumaku mbili. Na alichokuwa anapiga kilikuwa jazz, ile yenyewe, ya watu wawili wanaozungumza, ila huyu anazungumza peke yake.

Éliézer alisema wamebandika sauti ya gitaa nyingine juu ya picha. Christiane akarudisha mwanzo. Alisema pengine ndani ubao wa mzee umechimbwa. Christiane akarudisha tena. Mara ya tatu Éliézer aliacha kusema akaanza kuangalia kama anavyoangalia mota iliyokataa kuwaka, kitu kimoja kimoja. Vidole, anavijua. Vifungo, hivyo hivyo alivifanya. Sumaku ya shingoni, sawa. Akaifikisha simu karibu na macho, akafuata nyaya. Nyembamba, nyembamba, nyembamba. Wa nne mnene, umesokotwa.

Uso wake ulibadilika namna ambayo Christiane aliiona mara moja tu, siku alipofungua mota iliyokufa njiani akakuta ndani buloni ya kukazia aliyoisahau yeye.

"Si ubao," alisema.

Christiane alikuwa na maneno ya miaka yote ile, ameyapanga mdomoni kama ndagala kwenye mkeka. Angeweza kuyamwaga na hakuna mtu wa mtaa huo ambaye angemlaumu. Aliyameza, akavuta lungo lake, akamwambia avae viatu, Papa Grégoire hatangoja mpaka msimu wa mvua.

Nyumba ya Grégoire ilikuwa juu mlimani, na Éliézer alipanda na gitaa mgongoni na hasira kifuani. Alikuwa ameitengeneza vizuri: ungeleta ule waya, ningeweka, hata kwa kujaribu, tungepiga. Ilikuwa hasira ya haki. Lakini kufika katikati ya kilima ilianza kumponyoka. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anaagiza vitu Kigoma kila boti ikitoka, pistoni, buji, mafuta ya gia. Waya mmoja wa gitaa hakuagiza. Hata Grégoire angeuleta siku ya kwanza, yeye njo angeufungia mlango wa kuku. Alipofika juu hasira ilikuwa bado ipo, ila haikuwa na mtu wa kumkalia isipokuwa yeye mwenyewe.

Grégoire alikuwa nje kwenye kiti cha plastiki, shati limelegea mwilini, mkewe Élisabeth anamsugulia mgongo. Aliongea maneno machache, akapumua, akaongea mengine.

"Umekuja kudai."

"Nimekuja kudai."

Éliézer alingoja asikie kwamba waya uko Moba, au umeoa. Badala yake Grégoire alimwomba Élisabeth alete sanduku la tarumbeta. Kwenye mfuko mdogo wa ndani, pembeni ya chupa ya mafuta ya tarumbeta, kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa waya umezungushwa kama bangili. Ulikuwa umepakwa mafuta. Haukuwa na kutu hata chembe.

"Ulikuwa hapa siku zote?"

"Siku zote."

"Sasa kwa nini haukuleta, Papa Grégoire?"

Grégoire alivuta pumzi. "Ningeuleta, ungekuja huku kunidai nini?" Akavuta tena. "Watu wanakuja kuniangalia mugonjwa. Weye unakuja kudai. Ni bora."

Éliézer alishusha gitaa mgongoni. Alikaa kwenye kizingiti, akatoa ule waya mwembamba wa nne, akavalisha mnene, akausikiliza akiukaza pole pole kwa kuukaribisha na wa tano. Bila umeme ubao hauna sauti zaidi ya mbu, kwa hiyo Grégoire aliinama mpaka paji la uso likagusa mbao. Éliézer akapiga mwanzo wa kaseti. Akodi ya kwanza ilikaa. Ya pili ikakaa. Mbuzi alikuwa ameshuka mezani.

Grégoire hakuwa mtu wa kuelezwa muziki. Aliacha paji la uso pale pale.

"Kumbe njo huu."

"Njo huu."

"Na mimi nimeulalia ndani ya sanduku."

"Hapana," Éliézer akasema. "Kigoma iko pale ng'ambo, ningeagiza. Haukuwa kwako, ulikuwa kwenye kichwa yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza Élisabeth kumsikia mtu huyo akisema jambo lililompinga mwenyewe, na alisimamisha mkono mgongoni mwa mumewe asikie vizuri. Lakini hakukuwa na zaidi.

Éliézer alizungusha ule waya mwembamba aliotoa, akauweka kwenye kitambaa, akataka kuurudisha kwenye mfuko wa sanduku. Alisema huu nao ni mali yake mwenyewe, ubaki hapa, Papa Grégoire atauleta siku atakayopata nafasi. Alijaribu kucheka.

Grégoire alitikisa kichwa. Aliuchukua waya, akautia mfukoni mwa shati la rafiki yake, akaupigapiga pale kwa kiganja.

"Nimeshalipa, Papa Éliézer. Usinianzishie ingine." Akapumua. "Piga tena."

Éliézer akapiga tena, tangu mwanzo. Kila alipofika mahali pa tarumbeta alinyamaza kama kwenye kaseti, akapaacha wazi bila kupajaza. Na kila alipopaacha, vidole vitatu vya Grégoire vilikuwa vinabonyeza goti, kimoja kimoja, mahali pake sawasawa.