Ng'ombe Tuliyemzika Wenyewe

Nikiulizwa nani aliwamaliza tumbusi wa kijijini kwetu, humtaja kaka yangu mkubwa. Huo ni nusu ya ukweli, na unaniudhi kila ninapousema.

Fisi walimwua mtamba wake mwenye mimba, nyuma ya zizi. Walikula tumbo na paja moja, wakaondoka kulipokucha. Kaka alinituma dukani Mungaa nikamletee dawa ya kuogeshea mifugo, chupa mbili. Ng'ombe tulikuwa tumewaogesha juzi yake, nami ndiye niliyewashika pembe. Lakini kwetu kaka mkubwa akikutuma unaitikia, kisha unatafuta baiskeli. Maswali ni ya mke wake, na hata yeye huyauliza akiwa ameshiba ujasiri.

Nilikwenda nimevaa fulana ya kamati ya mazingira ya kijiji, yenye picha ya tumbusi kifuani. Tuligawiwa kwenye semina, tulikofundishwa kwamba mzoga ukitiwa sumu hauchagui mlaji. Mimi ndiye niliyelijibu vizuri swali la somo hilo nikapigiwa makofi.

Jioni kaka aliumwagia mzoga chupa zote mbili. Kesho yake fisi hakuonekana hata mmoja. Waliolala kuuzunguka mzoga walikuwa tumbusi, mabawa wazi, mmoja bado akijaribu kuinua kichwa. Mbwa wetu wa machungani alikuwa katikati yao. Nilianza kuwahesabu ndege, nikaacha. Hasira zilinikaba, lakini mbele ya kaka nilizimeza.

Nilikwenda kuzitapika kwenye kikao cha kamati. Nilisema sana juu ya watu wasiojali viumbe, na safari ya Mungaa sikuigusa. Mwenyekiti akashauri jamii ipewe elimu, wote tukaafiki. Jamii ipi? Mwenye elimu ndiye aliyekwenda dukani.

Kiangazi kilichofuata kaka alifiwa na ng'ombe mzee. Bwana mifugo alikataza tusimle, kwa kuwa alikuwa na ugonjwa. Tukamkokota hadi bondeni, tunakotupa mizoga miaka yote. Zamani ungemtupa asubuhi, na kesho yake ukakuta mifupa. Safari hii siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mbingu tupu. Ng'ombe akavimba, harufu ikafika majumbani. Mbwa wa majirani wakaanza kubeba vipande, na utumbo mmoja ukaokotwa kando ya kisima.

Wanawake wa kisimani walikuja kwa kaka. Walimwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha wakamwambia akaondoe uchafu wake.

Ndipo tukachimba, mimi na yeye, tumejifunga vitambaa puani. Ardhi yetu wakati wa kiangazi inalirudisha jembe. Kufika adhuhuri shimo lilikuwa la magotini tu, na kaka alikuwa ametapika mara mbili. Akaegemea mpini, akatazama juu kwa muda.

"Mdogo wangu, wewe si ndiye mtu wa semina? Ulijua kwamba wangekufa ndege?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya kujitetea. Nikatoa lililo fupi. "Ulinituma, kaka."

Kaka akanikabidhi sururu, akatoka shimoni, akaketi.

"Basi chimba," akasema. "Na hapa nimekutuma."