Pembe ya Nne, Kutoka Kulia

Dada yangu mkubwa alirudi shule akiwa mama wa watoto wanne. Mchana alipika katika mkahawa mmoja wa mtaa wetu wa Hai Amarat, jioni akakaa darasani na watu wazima wenzake, na mwaka huo alitaka kitu kimoja tu: cheti cha darasa la nane, ili aendelee na sekondari na siku moja asomee ukunga. Hisabati ilikuwa imeshamwangusha mara moja. Alisema ikimwangusha tena, kalas, basi, vitabu vyote atawashia jiko. Nilivyomjua, angewasha kweli.

Mimi nilikulia Kenya kwa shangazi yetu, nikasoma huko, kwa hiyo nikajifanya mwalimu. Subira sina. Jumapili moja baada ya kanisa tulitandika mkeka barazani, nikampa swali: pembe tatu za mstatili ziko kwenye (2,1), (2,5) na (8,5). Tafuta ya nne.

Akachora polepole, ulimi nje. Nilipochungulia nikapandwa na mori. Mstatili ulipaswa kulala. Wa kwake ulisimama wima kama mlango.

"Dada, umechora nini? Namba ya kwanza inaenda kando, ya pili ndiyo inapanda! Nikuambie mara ngapi?"

"Wee binia, msichana wee, wacha kelele. Mimi iko nasoma kutoka hapa," akasema, akiweka kidole upande wa kulia wa mabano. Halafu akaandika jibu: (8,1).

Nilikuwa nimeshashika kalamu nyekundu. Nikachora wa kwangu, nikapata (8,1) ileile. Alikuwa amesoma kila pembe kutoka kulia, na jibu akaliandika kutoka kulia vilevile, kosa likajirekebisha lenyewe. Nikabaki naikodolea macho karatasi, naye akacheka mpaka lawa, shuka aliyojifunga, ikamdondoka begani.

Nilimuuliza nani alimfundisha hivyo.

"Baba," akasema.

Kabla vita havijatutawanya dada alisoma shule ya Kiarabu, na jioni baba alimchorea hesabu ukutani kwa mkaa, kila kitu kikianzia kulia. Baadaye dada akaenda Uganda. Mimi nilibebwa kwenda Kenya nikiwa mchanga, mgongoni mwa shangazi. Baba simjui hata kwa picha.

Sauti yangu ikashuka. Nikamweleza kwamba msahihishaji atatazama na mchoro, si jibu peke yake, na mchoro ule utamnyima alama. Kisha akafuta, akaanza kutoka kushoto, na wiki zote zilizobaki alifanya hivyo bila kunung'unika, ingawa mara kwa mara niliona kidole chake kikienda kulia kwanza.

Alifaulu. Siku ya matokeo alininyanyua juujuu pale uani, mimi na unene wangu wote, majirani wakipiga vigelegele. Tulipotulia nikamuuliza kama swali la pembe lilikuja.

"Lilikuja. Mchoro mi nilifanya ya kwenu. Lakini jibu nilitafuta kwanza na ya baba, nikaona iko sawa."

Nilimkumbatia tena, na nasema wazi, nilimwonea wivu. Kabla hajaenda kupika nikamletea karatasi safi, nikamwomba anifundishe kuanzia kulia.